Mwanga Ubavuni mwa Mitchelle

Kianda, Kibera
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mbula wangu,

Sasa? Usishangae kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu anayekaa karibu nawe hivi. Nimempa binamu yako Kasiva alipokuja soko la Toi kuchagua nguo za kuuza huko kwenu Kawangware, na nimemwambia akiifungua nitajua. Simu yangu siiamini tena. Oketch aliunganisha WhatsApp yangu na simu yake kabla hajaenda Mombasa kwa ile kazi ya mjengo, ati tuwe tunaona picha za mtoto wetu pamoja. Sasa kila ninachoandika anakisoma kabla sijaweka simu chini. Mimi nikiogopa, yeye huogopa mara mbili, halafu anaanza kufunga na kuomba, na kuniuliza kama nami nimefunga.

Mitchelle amepigwa zile picha za mwanga. Ulipotuambia kwamba siku hizi kazi yako ni kutafuta mwanga ndani ya watu nilicheka, unakumbuka? Sicheki tena. Walimdunga ile dawa ya rangi, wakatuambia turudi kesho yake ikishashikana na mabaki ya uvimbe aliotolewa mwaka jana, kama kweli yamebaki. Wakatuingiza kwenye chumba cha giza. Giza lenyewe si la stima kupotea, ni giza la kufungiwa. Mitchelle akalala kwa ubavu wa kulia, mkono juu, akaniuliza, "Mama, sasa nitawaka?"

Kamera zikalia kidogo, kisha nikaona kwenye skrini ubavu wa mtoto wangu na doa katikati, kama mvuke kwenye kioo. Kumbe kweli kitu kimebaki. Nesi aliuliza maswali mengi, dawa anazotumia, chuma mwilini, makovu, tukajibu yote. Nilikuwa na Mama Osewe, yule shangazi ya Oketch anayeongoza akina mama kanisani Laini Saba. Alinishikia mkoba na hakupitwa na neno.

Niambie, Mbula. Doa limekaa juu ya ngozi, na kitu kiko ndani. Watajuaje kiko ndani kiasi gani? Unajua damu ya Mitchelle, hiyo selimundu yake. Daktari alishasema mtoto huyu kufunguliwa kifua ni jambo la mwisho kabisa. Niambie kwa Kiswahili cha watu, usiniletee hesabu.

Wako,
Adhis


Kawangware
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mama Mitchelle,

Kasiva amenipa barua yako haijafunguliwa, ingawa ameniuliza mara mbili ulisema nini.

Washa tochi ya simu, uifunike na kiganja. Utaona mkono wote umekuwa mwekundu na mifupa huioni. Ni kwa sababu mwanga ndani ya nyama hauendi moja kwa moja. Unagonga hapa, unarudi kule, mwingine unamezwa, na unaofika nje umeshasahau ulikotoka. Kazi yetu ni kuchukua ule ukungu unaotokea kwenye ngozi na kuurudisha nyuma kwa kompyuta hadi tuseme umetoka hapa. Ugumu wake ni kwamba taa dhaifu iliyo karibu na taa kali iliyo mbali zinaweza kutoa doa linalokaribiana sana. Ndiyo maana lazima tuiambie kompyuta ngozi ikoje, misuli ikoje, mfupa uko wapi, ili ikadirie vizuri.

Sisi tunaohesabu huwa hatupewi majina, namba tu. Lakini siku ile mtoto alikuwa mmoja, basi nikajua ni nani. Usiogope. Programu imeandikwa vizuri, najua kwa sababu nusu yake nimeiandika mimi.

Swali dogo tu, la kukamilisha faili. Imeandikwa ana kovu la kuungua ubavuni, palepale penye doa. Aliungua lini? Mwaka jana nilikuwa kwako kila wikendi na silikumbuki.

Msalimie sana. Mwambie anti anasema ndiyo, aliwaka, na alipendeza.

Mbula


Kianda
Jumapili, 9 Machi 2025

Mbula,

Aliungua na uji tulipoenda nyumbani Homa Bay, likizo ya Desemba. Kovu dogo tu. Hukuliona kwa sababu Januari yote ulikuwa na shughuli zako.

Ijumaa tuliitwa hospitali. Daktari wa upasuaji amesema kompyuta imeonyesha kitu kiko ndani sana, karibu na utando wa pafu, na kisipotolewa kitakua. Kwa hiyo watafungua kifua. Alisema polepole na kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza. Ni Alhamisi, tarehe 20. Nilimuuliza na damu yake je? Akasema wataandaa damu ya kumwongezea, watamweka wodi ya wagonjwa mahututi, na hatari ipo, hawezi kunidanganya.

Nilitoka nikapita na barabara yangu ya kila siku nikajikuta nimefika Toi bila kujua nilivuka wapi. Nimekaa kwenye kibanda na nguo za watoto zimening'inia juu yangu, na kila gauni la miaka saba ninalolishika linanitia baridi.

Oketch anakuja wiki hiyo. Mama Osewe ametangaza kanisani na watu wanamsifu, ati baba wa imani, amemwachia Mungu na hospitali kila kitu. Wananisifu na mimi.

Kasiva anasema hulali, na umepungua. Kwa nini usilale wewe? Kama ni ile programu yako iliyosema ndani sana, niambie. Na kama kuna kitu unanificha, nakuomba kwa urafiki wetu usinifiche, maana mimi ndiye nitakayeweka sahihi.

Adhis


Kawangware
Jumatano, 12 Machi 2025

Adhis,

Nilikuandikia usiogope, na mimi mwenyewe nilikuwa naogopa nikiandika. Ukweli ni huu. Programu ilitoa majibu mawili. La kwanza, karibu na pafu. La pili, juu juu, chini tu ya ngozi, mahali ambapo daktari angepasua kidogo na mtoto akarudi nyumbani baada ya siku chache. La ndani ndilo lililolingana na picha vizuri zaidi, basi ndilo lililopelekwa. Niliona halijanikaa sawa nikanyamaza, kwa sababu hesabu ilikuwa yangu na sikuwa na sababu ya kuipinga.

Sasa nimekaa na picha zenyewe siku nzima. Kovu la moto huwa jeupe kwa ndani, linapitisha mwanga, na hivyo ndivyo nilivyoiambia kompyuta, kwa kuwa ndivyo faili ilivyosema. Lakini kovu la Mitchelle halipitishi. Linameza. Katikati ya doa, panapotakiwa kuwa na mwanga mwingi kuliko kote, pamefifia. Na Adhis, uji ukimwagika haujipangi mistari.

Nimemwendea mkuu wetu, Daktari Ngina, nikamwambia yote, pamoja na kwamba namfahamu mtoto. Alikasirika kidogo, kisha akasema nimletee sababu ya kumpelekea daktari wa upasuaji, kwa kuwa mashaka yangu peke yake hayawezi kubadilisha upasuaji.

Sitakuuliza tena habari ya uji. Nitakuambia yangu. Nina chale, sita, chini ya titi la kushoto. Nilikuwa na pumu nikiwa mdogo, na nyanya yangu kule Kitui alinichanja kwa wembe akanisugua kitu cheusi. Hakuna daktari niliyewahi kumwambia. Mmoja aliwahi kuuliza nikasema ni paka. Nimeandika programu hii nikaiambia kuhusu mafuta, mifupa, nywele na makovu ya moto, na chale nimezivaa mwenyewe kifuani sikuzikumbuka hata siku moja.

Kama ni hizo, niambie tu, na uniambie zilisuguliwa nini. Alhamisi si mbali.

Mbula


Kianda
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mbula,

Ni hizo.

Ni mama yangu. Mitchelle alikuwa analia ubavu kila jioni, na hospitali walikuwa wameshasema wametoa yote, basi yeye, dani wa Mitchelle, yaani nyanya yake, akasema hawezi kukaa kumtazama. Wembe ulikuwa mpya, niliununua mwenyewe. Alichoma kitu kwenye kigae mpaka kikawa unga mweusi, akampaka. Mitchelle hakulia, alinitazama tu. Nikamwambia akiulizwa aseme ni uji.

Siku ya picha nesi aliuliza, "Hii alama ni ya nini?" na Mama Osewe amesimama hapo na mkoba wangu. Ningesema nini? Kanisa zima lingejua kabla ya chakula cha mchana kwamba mke wa Oketch, aliyesimama mbele akashukuru kwa uponyaji, alikuwa amempeleka mtoto kuchanjwa. Nikasema aliungua. Sikudhani neno hilo litaingia kwenye kompyuta. Nilidhani linaishia kwa nesi.

Tangu barua yako ifike sijatulia. Namvua nguo nimwogeshe, naziangalia, nasikia kutapika. Kitu kidogo hivyo. Nilikuwa nampeleka afunguliwe kifua kwa sababu ya aibu yangu.

Mwambie daktari wako. Lakini nakusihi, msiandike mahali. Oketch anaweza kunisamehe mengi. Hili sijui.

A.


Kawangware
Jumapili, 16 Machi 2025

Adhis,

Usitapike. Sikiliza.

Jana nilienda maabara na Wanza, yule tunayefanya naye kazi. Nilichukua kile kitaa kidogo cha kuangalia masikio, nikakifunga kwenye plastiki safi, nikakiweka mdomoni, shavuni kwa ndani. Wanza akazima kila kitu akanipiga picha. Programu ikasema taa iko nyuma ya shavu, na kweli ndipo ilipokuwa. Kisha nikachanganya masizi ya jiko na Vaseline nikajichora nukta shavuni, mistari miwili. Wanza akanipiga tena. Programu ikasema taa iko kwenye ulimi.

Hakuna kilichosogea, Adhis, ni masizi tu. Yalimeza mwanga wa katikati, ukabaki wa pembeni, na kompyuta ikidhani ngozi ni safi ikasukuma taa ndani. Nilipoiambia kwamba zile nukta zinameza mwanga, taa ikarudi shavuni.

Nikaifanyia picha za Mitchelle vivyo hivyo. Ikapanda. Ikatoka kwenye pafu ikaja chini ya ngozi.

Ningetakiwa kuruka kwa furaha, lakini nilirudi kukaa nikaifanya upya. Naogopa kwa sababu ndilo jibu nililolitaka. Nikisema unga ni mweusi sana, mwanga unapanda. Nikisema ni mweusi kidogo, unazama tena. Ni mimi ninayeshika hicho kipimo, na nampenda huyo mtoto. Wakipasua juu kwa maneno yangu na kitu kiwe ndani, watakuwa wamempasua bure, kisha wafungue kifua palepale, na amechoka tayari. Sitaki kumweka mtoto wako mahali ninapotamani awe.

Daktari Ngina ameelewa. Jumanne mtaitwa tupime ngozi yenyewe. Lakini ngozi itatuonyesha weusi wa juu tu. Huo unga ni nini? Mkaa mtupu, mizizi, kitu kingine? Kila kimoja kinameza mwanga kwa namna yake. Tukipata hata kijiko kimoja tutaupima na hatutabaki kutegemea kubahatisha kwangu.

Na la mwisho, ambalo utanichukia kwalo. Lazima liandikwe kwenye faili. Daktari wa upasuaji akibadilisha mpango, wazazi wote wawili wataelezwa sababu na kuweka sahihi. Siwezi kulificha hilo, na hata ningeweza nisingefanya. Tumeona neno moja la uongo lilivyotembea.

Mwambie Oketch wewe, asije akaambiwa na nesi.

Mbula


Kianda
Jumatano, 19 Machi 2025

Mbula,

Nilimpigia Jumapili hiyohiyo, Kasiva akiwa bado amesimama mlangoni. Nilimwambia Kasiva asiende, kwa sababu nilijua nikibaki peke yangu sitapiga.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Nilisikia mashine ya kuchanganya zege upande wake, ikazunguka, ikazunguka, kisha akakata simu. Mbula, nilimaliza kila aina ya woga hapo. Nilimwona akilini akimpigia Mama Osewe. Nilimwona akija kumchukua mtoto. Nilipanga nguo za Mitchelle kwenye begi nikazipangua.

Unajua kwetu mwanamume na maro wake, yaani mama mkwe, hawazoeani. Oketch hawezi hata kula mbele ya mama yangu, wakisalimiana kila mmoja anatazama pembeni. Basi jioni mama akanipigia analia. Nikajua ametukanwa. Kumbe Oketch alimpigia. Alimwamkia vizuri, akauliza hali ya nyumbani, akauliza mvua, halafu akamwambia, "Maro, naomba unieleze ulichoma nini, na kama huo unga umebaki."

Akamweleza. Gome la mti na mifupa ya samaki, vimechomwa mpaka vikawa vyeusi tii. Na ulikuwa umebaki, kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka. Akautuma kwa basi la Nairobi kesho yake. Oketch alishuka kutoka Mombasa Jumanne asubuhi, akaenda moja kwa moja kwenye stendi ya basi la Homa Bay akasubiri kikopo, akakileta hospitali kimefungwa kwenye gazeti. Wewe ulikiona, ulikipokea kwake. Hukuona mikono yake ilivyokishika, kama kitu kitakachomng'ata.

Nyumbani hajanitukana. Hajanisemesha pia. Alikaa kitandani, Mitchelle akiwa amelala mapajani pake, akamfunua ubavu akahesabu zile chale kwa kidole. Nikamwambia nisamehe. Akasema tu, "Mimi nilikuwa mbali." Sijui kama alikuwa ananisamehe au ananilaumu, na sijathubutu kuuliza.

Leo tumeweka sahihi wote wawili. Wataanza juu. Wasipokuta kitu watafungua kifua palepale, hivyo ndivyo karatasi inavyosema. Daktari wako Ngina alituambia unga umepimwa na jibu limebaki juu. Nilimuuliza ana uhakika. Akasema ana uhakika kuliko wiki iliyopita. Mbula, hilo ni jibu la kumpa mtu?

Kesho.

Adhis


Kawangware
Alhamisi, 20 Machi 2025

Adhis,

Najua barua hii haitakufikia leo. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Sasa hivi wameshamwingiza. Nimezuiwa kuja hospitali leo, na ni sawa, ningewavuruga. Simu iko mbele yangu mezani imegeuzwa kifudifudi, naigeuza, naigeuza tena. Jirani anakaanga vitunguu na harufu inanichukiza.

Nimerudia hesabu tangu asubuhi. Kila mara inanipa palepale, chini ya ngozi, kidogo kuelekea mgongoni. Inanipa palepale hata nikipunguza weusi wa ule unga, mpaka mahali fulani, halafu ghafla inazama. Naendelea kwenda kwenye hiyo hatua inapozama na kuitazama, kama mtu anayerudi kuchungulia shimo. Iko mbali na kipimo tulichopata. Iko mbali vya kutosha. Najiambia hivyo.

Nimezoea kuona doa la mwanga na namba. Leo naona mkono wake umeinuliwa juu, namsikia akiuliza kama atawaka.

Ukinichukia baada ya leo nitaelewa.

Mbula


Kianda
Jumanne, 25 Machi 2025

Mbula wangu,

Simu nilikupigia siku ileile, najua, lakini nilikuwa nalia na wewe unalia na hatukuelewana chochote. Wacha nikuandikie vizuri.

Ilikuwa juu. Daktari alipasua mahali mlipomwonyesha, kidogo kuelekea mgongoni kama mlivyosema, na hakufika hata kwenye mfupa wa ubavu. Alinionyesha kwa kidole chake cha mwisho, kucha tu, hivyo ndivyo kilivyokuwa kikubwa. Akatoa na kipande cha ngozi juu yake, kwa hiyo chale tatu zimekwenda na mbili zimebaki. Kifua hakikufunguliwa. Nilipoambiwa, Oketch akanishika akaniketisha chini palepale kwenye korido, naye akakaa.

Sikuchukii. Nilikuchukia kuanzia Jumatano mpaka saa ile, sitakuficha.

Woga haujaisha. Kipande kimepelekwa kupimwa na majibu bado. Juni tutarudi kwenye kile chumba cha giza aangaliwe kama kuna kingine. Nataka uwe nje ya mlango siku hiyo, wakukatalie wasikukatalie.

Jana Mama Osewe alikuja na matunda na akina mama wawili. Walikuta Mitchelle amekaa kitandani bila fulana kwa ajili ya joto, bandeji ubavuni, na zile chale mbili zikionekana pembeni yake. Mama Osewe akainama, akazitazama kwa muda, akauliza, "Na hizi ni za nini, mwanangu?"

Mitchelle alinigeukia mimi, akanitazama vilevile alivyonitazama siku ya wembe, akaniuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mama, leo pia niseme ni uji?"

Nilifungua mdomo, na naapa sijui kilikuwa kinatoka nini. Oketch alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua kichwa.

"Leo sema ni dani," akasema. "Na ukiulizwa na daktari, sema tena."

Adhis